SOMO: Jirani amepewa hati, nasi hatukuulizwa



Katika barza nyingi tunazohudhuria, mjini na vijijini, shauri la udongo halikawii kuletwa. Mara hii tunataka kusoma pamoja juu ya shauri moja ambalo linaonekana dogo, lakini limekwisha kuvunja ujirani wa watu wengi: jirani ameomba kupimiwa kiwanja, au ameomba ruhusa ya kujenga, na ofisi imemkubalia bila kuwauliza wale wanaopakana naye.

Tuchukue mfano. Familia moja ilikimbia vita ikakaa miaka mitatu mbali na mtaa wake. Iliporudi ilikuta nyumba ingali imesimama, lakini mawe mapya ya mpaka yamewekwa ndani ya uwanja wao, hatua nne kutoka kwenye miyenzi ya zamani. Mfereji wa maji ya mvua umezibwa na msingi wa nyumba mpya. Njia ya kwenda bombani nayo haipo tena. Jirani anaonyesha karatasi: ofisi ilipima, ofisi ilitia muhuri. Mama wa nyumba anakwenda kwa shefu wa mtaa, naye anajibu, "Mama, hamkuwapo. Tungemwuliza nani?"

Jioni ile kijana wao mkubwa anasema neno ambalo sisi sote tumelisikia: "Hawa watu ndivyo walivyo." Hakusema "jirani huyu". Alisema "hawa watu", na kila aliyeketi pale anajua ni watu gani. Kutoka neno hilo mpaka kwenye panga si mbali.

Malalamiko ya namna mbili

Jambo la kwanza ambalo tunawaomba viongozi walifundishe ni hili: kuna kumlalamikia jirani, na kuna kuilalamikia ofisi kwa namna ilivyolishughulikia ombi la jirani. Si kitu kimoja. Jirani aliyeomba kupimiwa alifanya ambalo kila raia anaweza kufanya. Kuomba si kosa. Lakini ofisi iliyopokea ombi lake ilikuwa na kazi ya kufanya kabla ya kujibu: kuangalia mahali, kujua nani anapakana, kusikiliza mwenye neno. Kama kazi hiyo haikufanyika, kosa la kwanza liko mezani mwa ofisi, hata kama faida imekwenda kwa jirani.

Bila shaka kuna jirani aliyeng'oa mawe usiku, au aliyelipa mashahidi wa uongo. Huyo ana shauri lake. Lakini mara nyingi tunakuta jirani naye hakuelezwa kitu: alilipa, akapewa karatasi, akajenga. Akisikia kwamba malalamiko yanaiuliza ofisi "mlifuata njia gani?", badala ya kumwita yeye mwizi mbele ya watoto wake, anaweza hata kuwa shahidi wenu.

Hapa inatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Kulikuwa na wakati tulikuwa na haraka ya kupatanisha. Tuliketi na familia mbili zenye shauri la namna hii, tukasikiliza siku tatu, wakapeana mikono, wakala pamoja, nasi tukapiga picha. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza karatasi iko wapi. Wakati tulipokuwa tunakula, faili ilikuwa inaendelea na safari yake ofisini, na miezi michache baadaye upande mmoja ulipata cheti chenye vipimo vile vile vilivyoleta ugomvi. Upatanisho wetu haukuwa umeandikwa popote. Familia ya pili ilituambia, "Mlitulaza usingizi." Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Tangu siku ile hatuanzi mazungumzo ya mpaka kabla ya kujua ombi limefika ofisi gani.

Ombi linasafiri namna gani

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwezi Julai 1980, iliweka msingi kwamba udongo ni mali ya Serikali. Mtu hapewi udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Kwa sababu hiyo karatasi ni nyingi, na kila karatasi inatoka kwenye mlango wake.

Mjini, mara nyingi ombi linaanzia kwa shefu wa mtaa, anayethibitisha kwamba mtu anakaa pale. Kisha wapimaji wa kadastri wanakuja, wanapima, wanapanda mawe, wanaandika PV. Ofisi ya hati za udongo inatoa mkataba, kwanza wa muda, baadaye wa kudumu, na mwisho cheti cha uandikishaji. Ruhusa ya kujenga ni karatasi nyingine tena, ya ofisi ya ujenzi wa miji. Watu wengi wanachanganya hizi mbili. Mtu anaweza kuwa na cheti safi cha kiwanja na bado akawa hana haki ya kuziba mfereji wa mtaa mzima. Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, ulizeni: tunalalamikia kipimo au tunalalamikia jengo? Barua ya mfereji ikipelekwa kadastri itakaa hapo mpaka panya waile.

Kijijini kuna jambo ambalo viongozi wengi hawalijui. Kwa udongo ulio nje ya mji, sheria ile ya 1973, kuanzia kifungu cha 193, iliagiza uchunguzi ufanyike kabla ya mtu kupewa udongo. Mchunguzi anapaswa kuona mipaka, kuandika ni nani wako juu ya udongo huo na wanafanya kazi gani pale, kueleza kilichopo, kusikiliza watu wanaotoa madai yao kwa mdomo, na kupokea yaliyoandikwa. Angalieni vizuri: kwa mdomo. Bibi asiyejua kusoma anaweza kusimama mbele ya mchunguzi na kusema "hapa ndipo nilipolima", na neno lake linapaswa kuandikwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 204, ilisema mkataba uliofanywa kwa kuivunja ni batili. Kwa hiyo swali "uchunguzi ulifanyika siku gani, na nani walisikilizwa?" si matusi kwa ofisi. Ni swali la sheria, na mnaweza kuliuliza kwa heshima na sauti ya chini.

Vifungu hivi mviulizie kwa wakili au kwa watetezi wa haki walio karibu nanyi kabla ya kuviandika katika barua, kwa maana sheria zinarekebishwa. Msitumie karatasi iliyonakiliwa miaka kumi iliyopita.

Kila mlango katika safari hii ni mahali pa kusimamisha ombi. Kwa shefu wa mtaa ni rahisi. Siku ya wapimaji bado ni rahisi: jirani anatoka nje, anasema hakubali, anaomba neno lake liandikwe katika PV. Mkataba ukisainiwa inakuwa kazi. Cheti kikitoka inakuwa kazi kubwa, inayohitaji mahakama.

Miaka miwili

Hapa ndipo mhamiaji anapopoteza. Cheti cha uandikishaji kikitimiza miaka 2 bila kupingwa, kukiondoa ni vigumu sana. Mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia tu. Sasa fikirini familia iliyokaa kambini miaka mitatu, minne. Hawakuona wapimaji, hawakuona mawe, hawakusikia kitu. Siku ya kurudi, muda umekwisha.

Kwa sababu hiyo tunasema kwa wahamiaji wote: msingoje kurudi ndipo mlalamike. Kama habari imewafikia kambini kwamba kiwanja chenu au kile cha pembeni kinapimwa, tumeni barua wiki hiyo hiyo. Barua moja ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, iliyopokelewa na kutiwa muhuri, inaonyesha kwamba hamkunyamaza. Hata kama haitajibiwa.

Tunajua mtauliza: na kama ofisi yenyewe haipo, au waliomo leo si waliokuwamo jana? Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025, pale M23 walipouteka mji wa Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, na maelfu ya familia zilizokuwa katika kambi kandokando ya Goma zikatawanyika. Si kazi ya gazeti hili kusema nani akae kwenye kiti gani. Tunasema tu: vita ikihamisha watu na makaratasi, ushahidi wa familia uhifadhiwe na familia. Pigeni picha za hati zenu kwa simu, mzitume kwa ndugu aliye mbali. Andikeni barua hata kama hakuna wa kuipokea, mtie tarehe, mashahidi watatu wasaini, na nakala ibaki parokiani, msikitini au kwa mtu mnayemwamini. Siku mlango wa sheria utakapofunguka mtakuwa na kitu mkononi.

Nanyi si watu wasio na sheria ya kuwatetea. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wahamiaji wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 21 kwamba mali iliyoachwa nyuma na waliohama inapaswa kulindwa isinyang'anywe wala kukaliwa kinyume cha sheria. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwezi Oktoba 2009 unazitaka serikali ziweke njia nyepesi za kumaliza mashauri ya mali za wahamiaji. Maneno haya mnaweza kuyataja katika barua, lakini kwa ufupi. Karani anayesoma barua yenu anataka kujua kwanza kiwanja kiko avenyu gani.

Kuandika barua

Barua nyingi tunazoonyeshwa zina kurasa nne. Zinaanza na babu aliyefika pale zamani, zinapita katika vita yote, zinataja makosa ya kabila zima, na kwenye ukurasa wa mwisho ndipo linapotajwa jiwe la mpaka. Tunaelewa uchungu huo. Lakini ofisi haiwezi kujibu uchungu. Inaweza kujibu swali. Tunapendekeza barua iwe na sura kama hii:

"Bwana Mkuu wa Ofisi, sisi tunaosaini hapa chini tunapakana upande wa kaskazini na kiwanja kilichopimwa mwezi wa tatu mwaka huu katika avenyu yetu. Hatukujulishwa siku ya kupima, wala hatukuwapo wakati mawe yalipowekwa, kwa sababu tulikuwa tumehama kwa ajili ya vita. Mawe hayo yako ndani ya uwanja wetu, hatua nne kutoka kwenye mpaka wa zamani unaojulikana na majirani waliosaini pamoja nasi. Hatumshitaki jirani yetu. Tunaomba mambo matatu: tuonyeshwe PV ya kupima, wapimaji warudi siku ambayo majirani wote watakuwapo, na hati yoyote mpya isitolewe kabla ya siku hiyo. Tunangoja jibu lenu kwa maandishi."

Haizidi hapo. Ule usemi "hatumshitaki jirani yetu" usiachwe, kama ni kweli. Jirani atapata habari za barua yenu, hilo halina shaka, na ni vizuri akute sentensi hiyo ndani yake. Sisi tunashauri hata zaidi: mpelekeeni nakala ninyi wenyewe, mzee mmoja aende nayo mchana, amweleze. Wengine wanaona huku ni kujidhalilisha. Kwa maoni yetu, anayeficha barua ndiye anayewasha moto, kwa sababu jirani akiisikia kwa wapita njia ataisikia mara mbili ya ilivyo.

Ofisini wanafanya kazi kwa Kifaransa, ni kweli. Lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Andikeni kwanza kwa lugha mnayoielewa, mwalimu wa shule aigeuze, kisha awasomee tena kwa Kiswahili kabla hamjasaini. Tumeona watu waliosaini barua ya Kifaransa iliyosema jambo wasilolikusudia.

Mnapopeleka, chukueni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inatiwa muhuri, tarehe na jina la aliyepokea, inarudi nyumbani. Bila hiyo mmeipa upepo. Mkidaiwa pesa, ombeni risiti. Jibu lisipokuja, kumbusheni kwa barua ya pili inayotaja tarehe ya ile ya kwanza, na nakala iende kwa mkuu wa komini, au kwa mkuu wa usultani na msimamizi wa wilaya kama ni kijijini. Mahakama ni hatua ya baadaye. Kwa sheria ya mahakama ya Aprili 2013, mashauri ya udongo unaoongozwa na desturi yanaanzia mahakama ya amani. Yale ya vyeti vya Serikali yanapanda mahakama kuu zaidi, na huko msiende bila wakili.

Neno kwa wajane na akina mama wote, kwa ufupi tu kwa sababu tutalirudia siku nyingine: Sheria ya Familia iliporekebishwa mwezi Julai 2016, iliondoa lile sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ili afanye mambo ya kisheria. Saini ya mama ni saini. Shefu asiseme "mwite mwanaume".

Kwa viongozi

Shefu wa mtaa aliyetia saini kwenye ombi la jirani asiketi kuwa mwamuzi wa malalamiko juu ya ombi hilo hilo. Aje kama shahidi, aeleze alichokiona, na mtu mwingine aongoze kikao. Mashefu wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima. Wanajua wenyewe mzigo ulivyo. Kwa upande wa shefu anayetaka kujikinga, dawa ni rahisi: kabla ya kusaini, apite nyumba nne zinazopakana, aandike amemkuta nani na nani hayupo. Nyumba ikiwa tupu kwa sababu ya vita, aandike hivyo hivyo, "wamehama", amtafute ndugu yao. Ile kauli "hamkuwapo, tungemwuliza nani" ingekuwa na jibu.

Goma inatufundisha kitu hapa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya mji ikafunika nyumba na mawe ya mipaka pamoja. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, safari hii ikaishia kaskazini ya mji. Mahali pa namna hiyo, anayejua kiwanja kiliishia wapi ni jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Kichwa cha jirani ndicho kadastri ya kwanza. Ukimfanya adui, umechoma kadastri yako.

Wala tusisahau upande mwingine, ambao wahamiaji hawapendi kuusikia. Kambi nazo zimewekwa juu ya mashamba ya watu. Kiongozi anakubaliana na mashirika, mahema yanasimama, na mwenye shamba la pembeni anaona choo kimechimbwa hatua sita kutoka kwenye maharage yake. Huyu naye hakuulizwa. Naye, akikasirika, anasema "hawa watu". Mashirika ya misaada, na sisi tukiwamo, tumefanya kosa hili mara nyingi kuliko tunavyotaka kukumbuka. Kamati ya wahamiaji ikipokea malalamiko ya mwenyeji, iyapokee kama inavyotaka yake yapokelewe: iandike, itie tarehe, iende kuangalia mahali pamoja naye, na imjibu. Ikiwa choo kinaweza kuhamishwa, kihamishwe kabla ya mvua.

Kwa vikundi vya masomo

Someni mfano wa mwanzo tena kwa sauti. Je, yule kijana aliyesema "hawa watu", ninyi mngemjibu nini jioni ile, kabla hajatoka nje? Ni mambo gani katika mfano huo yanaihusu kadastri, na yapi yanaihusu ofisi ya ujenzi? Katika mtaa au kijiji chenu, mara ya mwisho wapimaji walipokuja, nani alijulishwa, na alijulishwa na nani? Kama kuna shefu katika kikundi, mpeni nafasi aeleze ni nani anayemsukuma asaini haraka. Msimwulize kama hakimu.

Kisha kila familia ichukue karatasi moja. Chora kiwanja chako au shamba lako, hata kama uko mbali nalo leo. Weka miti, mfereji, njia, jiwe kubwa, kaburi kama lipo. Pande zote nne andika jina la jirani unayemkumbuka, na mahali unapofikiri yuko sasa. Wale waliomo kambini pamoja nanyi waje wauone mchoro na kuusaini. Wale walio mbali, tafuteni namba zao za simu. Andika tarehe chini.